Daftari la Penseli

Saa moja kasorobo, Mamboleo,
umande ungali kwenye rundo la kokoto,
mimi ndiye niliyeita majina.
Asava. Yupo.
Ogweno. Yupo.
Nekesa wa maji. Yupo, na mtoto mgongoni;
mtoto sikumwandika.
"Tumia penseli," mkandarasi alinionya siku ya kwanza,
"wino una maneno mengi."
Nilidhani ni ubahili tu.

Jioni nililipa, noti zikinuka saruji,
kisha nikafuta. Kila jina, hadi mkia wa herufi ya mwisho,
nikapuliza takataka za ufutio zikaangukia viatu vyangu.
Ndivyo Asava alivyofanya kazi kwetu siku moja,
siku moja tu, kwa miaka minne.
Wa siku moja hana likizo, atapumzika kutoka wapi?
Hana kiinua mgongo, ingawa mgongo anao,
nimeuona ukipanda ngazi na mfuko wa kilo hamsini.

Alikuwa fundi wa kona.
Ukuta hata mimi ningejenga, lakini kona!
Timazi yake ilikuwa nati ya trekta kwenye uzi wa nyavu.
Angefumba jicho moja, angoje itulie,
kama anayemngoja mtu mwenye kigugumizi amalize.
"Nati hii," alisema, "haijui ninalipwa ngapi,"
akacheka peke yake, akachota udongo kwa mwiko.

Helmeti nne za njano zilikaa stoo
zikimngoja mkaguzi. Bado zimevaa nailoni.

Jumanne ile mvua ilikuwa imetoka ziwani usiku.
Ghorofa ya nne, mti wa mkalitusi, waya uliotumika mara tatu.
Sikusikia yeye. Nilisikia karai.
Karai lilipiga kelele kwa niaba ya wote,
likabiringika mpaka kwenye pipa la maji la Nekesa
likalala.

Tulimlaza juu ya mbao ya kumwagia zege,
lori la mchanga likatupeleka Russia,
Ogweno akimshika kichwa kama anayebeba yai.
Dirishani alikuwepo karani mwenzangu, ana kalamu ya wino.
Mwajiri? akauliza.
Bima? Nambari ya uanachama?
Nikafungua daftari.
Ukurasa ulikuwa mweupe kama sahani ya mgeni.

Simu: "Asava yupi?"
Kimya. Kisha elfu tatu, zikaja na ujumbe: pole kwa familia.
Nekesa alitoa pesa za mitungi kumi.
Mimi nilitoa nini? Nilitoa nauli, nikatoa jasho,
nikatoa visingizio, hivyo sikuvipunguza bei.

Jengo limehamiwa. Ghorofa ya nne kuna mapazia ya samawati
na mtu anayekaanga omena Jumapili.
Ile kona imesimama wima, nimeipima kwa jicho langu.
Asava yuko kwao karibu na Chavakali.
Kiinua mgongo chake ni Kageha, mkewe:
kila asubuhi humpitishia leso chini ya mbavu,
huhesabu moja, mbili, huvuta.

Daftari sikulirudisha.
Usiku mmoja nililaza penseli ubavu,
nikaipaka taratibu juu ya ukurasa mtupu
jinsi watoto wapakavyo sarafu chini ya karatasi.
Wakatoka. Asava juu ya Asava juu ya Asava,
Ogweno kapandana na Nekesa,
makovu ya mkono wangu mwenyewe, kwa maana mimi hukandamiza,
tangu shule mwalimu alikuwa akinigombeza kwa hilo.

Nikalipeleka Ofisi ya Kazi.
Mama mmoja aliliinamisha kwenye mwanga wa dirisha,
akalisoma muda mrefu, kidole kikiwa cheusi kwa risasi ya penseli.
Akavua miwani.
"Na wewe," akaniuliza, "uliandikwa wapi?"

Nikafunua nyuma. Nikafunua mbele.
Nilikuwa nimewaita wote, kila siku, kwa sauti.